Kona ya Salamu

Kwii-kwaa. Kwii-kwaa. Ndivyo kilivyolia kiti changu cha zamani, kile cha kusukumwa. Gurudumu la kushoto lilisema kwii, kiti kizima kikajibu kwaa, na katikati ungesikia ndala za mama zikipiga vumbi, pa, pa, pa. Tulikitia mafuta ya cherehani. Tukakitia mafuta ya kupikia. Mwisho mama akakitia mafuta ya samaki, ya mbuta, na paka wa jirani akanifuata siku tatu kama mchumba. Kiti kilinyamaza asubuhi moja tu, kikameza mate, kikaendelea na hotuba yake.

Kwetu ni Manyatta, hapa Kisumu, nyuma ya Kondele, na kwenye kijia chetu hakuna aliyehitaji kuniona ndipo ajue napita. Mama wa mandazi alisikia kwii, akaanza kunifungia moja kwenye gazeti. Watoto walisikia kwii, wakaja kugombania kusukuma. Na dani alisikia kabla ya wote.

Dani ni nyanya yangu, aliyemzaa mama. Anakaa kwenye kijia hichohicho, milango saba kutoka kwetu. Alikaanga samaki pale sokoni Kibuye miaka mingi akiwa amechuchumaa, na magoti yake yakabaki hukohuko Kibuye. Daktari alimwambia asiinuke ovyo. Lakini nani ataweza kumwambia dani? Akisikia kwii ya kwanza anaanza kuinuka. Tukifika nusu ya njia yuko mlangoni, ameshika fremu. Tukikaribia, ameshatoka nje kwenye ile saruji yake nyembamba inayoteleza kama samaki kamongo, anakuja kunisalimia.

Anakuja kunisalimia mimi! Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wangu. Kwetu mdogo ndiye humwendea mkubwa. Wanaoendewa na wazee ni mtoto mchanga na askofu, na mimi sikuwa mmoja wao.

"Dani, si ukae tu!" nilikuwa nampigia kelele kutoka mbali.

"Nikae? Kwani mgeni wangu anakuja ama anapita?"

Tulijaribu mbio. Mama alikaza kanga kiunoni, akanisukuma kama gari la zimamoto, nami nikashika mbavu za kiti nikicheka. Dani akatushinda. Siku moja ya mvua akatushinda tena, halafu saruji ikamshinda yeye. Alikaa kwenye matope miguu imenyooka, akacheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Mimi nikacheka naye ili asione haya. Nilipofika nyumbani nililia ndani ya taulo, mama akidhani naoga.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja: nimwendee dani mimi mwenyewe, nimkute amekaa.

*

Mimi nilizaliwa na miguu isiyo na haraka ya kwenda popote, na mkono wa kushoto ambao hufanya kazi ukipenda. Mkono wa kulia ndio mfanyakazi wangu. Ndio uliandika mpaka kidato cha pili, ndio unasuka vikapu, ndio unakula. Mama aliposikia kanisani kwamba kuna ukumbi mahali fulani mjini ambapo watu wanafundishwa kuendesha viti vya umeme, na kwamba anayefundisha ni roboti, alinitazama mkono huo kwanza.

"Huo unatosha," akasema.

Usiku mzima nilimwota huyo roboti. Nilimwona ni jitu la chuma lenye macho mekundu, limevaa tai, lina fimbo. Nilifika pale nimejiandaa kumwamkia. Kumbe roboti mwenyewe ni kiti! Kiti kama kiti, isipokuwa kina kamera chini ya makalio inayochungulia sakafu, na kompyuta mgongoni kama mkoba wa mwanafunzi. Kwenye sakafu walikuwa wamebandika utepe wa njano uliopindapinda kama Mto Nyando ukielekea ziwani. Kazi yangu ilikuwa kuufuata.

Kulikuwa na mwalimu, dada mpole kutoka Nakuru mwenye kalamu nyuma ya sikio, na fundi wa kompyuta, kijana asiyekula chochote ila njugu. Mwalimu alinionyesha kijiti kilichokuwa mbele ya mkono wangu wa kulia.

"Hiki ndicho usukani. Ukisukuma mbele, kiti kinaenda. Ukiachia, kinasimama. Lakini hiki si kijiti cha kawaida. Kamera inaona utepe. Ukianza kupotea, kijiti kitasukuma mkono wako kidogo, kikurudishe njiani."

"Kitanishika mkono?"

"Kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyomshika mtoto kuandika a. Ukijua, kinapunguza nguvu. Ukikosea, kinaongeza. Siku kikinyamaza kabisa na wewe ukaenda salama, tunakufanyia mtihani."

Halafu akaniambia jambo lenyewe. Hiyo mashine ingekaa Kisumu miezi mitatu, kisha iende mji mwingine. Atakayefaulu kabla haijaondoka atapewa kiti chake cha umeme, aende nacho nyumbani. Asiyefaulu atangoja irudi. Nikauliza itarudi lini. Mwalimu akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

*

Kile kijiti nilikiita Shangazi, kwa sababu kilinifinya kisirisiri kama shangazi anayekurekebisha mbele za wageni. Nikienda kushoto kidogo, Shangazi ananisukuma kulia. Nikimbishia, ananisukuma zaidi. Wiki ya kwanza tuligombana sana.

"Usishindane nacho," mwalimu alisema.

"Yeye ndiye ameanza."

Shida yangu kubwa ilikuwa kichwa. Nikishaona kiti kinatembea bila ndala za mama nyuma, kichwa kinaondoka chenyewe. Niko kwenye utepe, lakini nimeshavuka Kondele, boda boda wananipisha, nimeshafika Ahero kununua mchele mpya, muuzaji ananiongezea kikombe kimoja juu kwa heshima ya gari langu. Halafu Shangazi ananifinya, nafungua macho, niko mbele ya ukuta.

Lakini nilijifunza. Wiki ya nne vidole vyangu vilianza kujua kona kabla macho hayajaziona. Kwa kipande kirefu cha njia Shangazi alikaa kimya kabisa, na ukimya wake ulinifurahisha kuliko sifa. Mwalimu alikuwa akisema, "Sawa, sawa, sawa," kwa sauti ya mtu anayebembeleza maziwa yasimwagike.

Tatizo lilikuwa kona ya tatu.

Kona ya tatu iko karibu na mlango wa ukumbi. Kila siku nilifika pale vizuri, na kila siku kompyuta iliandika kosa: mkono umeachia usukani. Mara moja, mara mbili, siku nyingine mara tano. Makosa yakizidi, kompyuta inaamua mimi bado mchanga, inamwamsha Shangazi. Nikitoka pale, ananishika mkono kama nimeingia shule jana. Jioni Shangazi ameanza kuninyamazia tena, kesho kwenye kona naharibu, naanza upya. Wiki tatu zikaenda hivyo.

Wakaanza kunichunguza. Mwalimu alinipa mpira wa kufinya. Akanipima nguvu za vidole kabla ya kona na baada ya kona. Fundi alifikiri labda kamera inachanganywa na mwanga wa mlangoni, akaweka pazia. Akafikiri labda ni waya, akaufungua mkoba wa kiti, akaufunga, zikabaki skrubu mbili, akazitia mfukoni pamoja na njugu.

"Ukifika pale unasikia nini?" mwalimu aliniuliza. "Kizunguzungu? Mkono unakufa ganzi?"

"Hapana."

"Kuna kitu hutokea?"

Nilifikiri kwa bidii. Nilikuwa namheshimu sana, sikutaka kumdanganya.

"Hakuna kitu hutokea," nikasema.

Na nilisema kweli, naapa.

Ilibaki wiki tatu mashine iondoke. Wenzangu wawili tuliojifunza pamoja walikuwa wameshafaulu. Mama aliacha kuniuliza "Leo je?" Alinisukuma tu kwenda na kurudi, kwii-kwaa, na dani akitoka kwenye saruji yake kunisalimia. Siku hizo nilikuwa namtazama miguu badala ya uso.

*

Ni yule fundi aliyepata wazo. Alifunga simu yake kwenye dirisha kwa utepe wa njano, ikatazama kona ya tatu siku nzima. Jioni tukakusanyika kuangalia: mwalimu, fundi, mimi, na mzee soja, mlinzi wa mlangoni, ambaye hakuitwa na mtu lakini alikuja na kiti chake.

Kwenye simu nikajiona nakuja. Nilipendeza, sitaficha. Kichwa juu, mkono umetulia. Nafika kona ya tatu. Mzee soja anainuka kwenye benchi lake, ananyoosha mkono. Mimi naachia kijiti, nampa mkono wa kulia, na ule wa kushoto nauburuta mpaka unashika kiwiko, kama nilivyofundishwa kumsalimia mtu mzima. Kiti kinasimama pwaa! Tunatikisana. Midomo yetu inaenda. Tunatikisana bado. Halafu anapita mama anayefagia, naye ananipa mkono. Halafu mtu aliyekuja kuuliza choo kiko wapi, naye mkono. Halafu fundi mwenyewe, na njugu zake, anarudi kutoka nje:

"Sema," anasema ndani ya ile video, na ananipa mkono.

Fundi akaacha kutafuna.

Mwalimu alirudisha video nyuma. Akaangalia tena. Akanigeukia taratibu.

"Nilikuuliza kama kuna kitu hutokea pale."

"Mwalimu, hakuna. Ni watu tu wananisalimia."

"Na unaachia usukani!"

"Sasa nimsalimie mzee na mkono gani? Wa kushoto?"

Mzee soja alishtuka kana kwamba nimetukana. "Wa kushoto! Apana. Huyu mtoto amelelewa vizuri. Hiyo kompyuta yenu inaandika nini hapo?"

"Inaandika kosa, mzee," fundi akasema.

"Kosa?" Mzee akaitazama ile kompyuta mgongoni mwa kiti kwa huruma. "Hiyo haina mama."

Kuhamishia kijiti mkono wa kushoto haikuwezekana, kwa sababu huo wa kushoto hufanya kazi ukipenda. Basi mwalimu akaandika karatasi kubwa, akaibandika kwenye kona: TAFADHALI USIMSALIMIE DEREVA.

Mambo yakaharibika zaidi. Watu walisimama, wakaisoma kwa sauti, wakanitazama, halafu wakaja kunipa pole. Na pole hutolewa kwa mkono.

"Pole sana, kwani ni ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa, mama. Nafundishwa kuendesha."

"Aa, Mungu ni mwema, utapona." Na ananitikisa.

Mzee soja ndiye alijitahidi kutii. Nilipofika kwake alitia mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti, akatazama dari. Nikampita. Kompyuta haikuandika kosa, na Shangazi hakusema kitu, na mimi nikaharibu kona ya nne na ya tano kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa. Nilikuwa nimempita mzee kama nguzo ya stima.

Nikasimamisha kiti katikati ya ukumbi.

"Mwalimu," nikasema, "mimi nataka hiki kiti ili niende kumsalimia nyanya yangu. Hiyo tu. Ahero na kwingine ni ndoto zangu za bure. Sasa kama nikiwa ndani yake siwezi kusalimia, nitakuwa nimepewa cha nini?"

Nikamweleza habari ya dani, na saruji, na matope. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Mama anayefagia naye aliacha kufagia. Kisha mwalimu akaenda kwenye kona, akabandua ile karatasi.

"Haya. Basi tujifunze kusalimia."

*

Fundi alichukua siku mbili. Aliongeza kitufe cha kijani kando ya kijiti, mahali kidole gumba kinafika. Ukikibonyeza, breki zinashika na kompyuta inajua kwamba dereva amesimama kwa kupenda kwake. Hapo unaweza kuachia, ukatikisana na kijiji kizima, na hakuna kosa linaloandikwa. Ukitaka kuondoka unabonyeza tena.

Nilidhani ndiyo mwisho wa shida. Loo! Kumkaribia mtu kwa kiti cha umeme ni elimu yake peke yake. Zamani mama ndiye alikuwa akipima, mimi nilikuwa mzigo tu. Sasa ilibidi nijue mwenyewe pa kusimama. Mzee soja alikubali kuwa mtu wa kusalimiwa. Alikalia benchi lake, akavua kofia, akajitengeneza kama chifu.

Mara ya kwanza nilibonyeza nikiwa mbali.

"Unanisalimia kutoka Busia?" akauliza.

Mara ya pili nilichelewa, vikanyagio vikapanda juu ya buti zake.

"Leo umesalimia mguu kwanza. Ni sawa, na hii miguu yenyewe ni wazee."

Mara ya tatu nilisahau kitufe, mzee akaudaka mkono kidole kimoja kikiwa bado kwenye kijiti, na salamu yake ilipoutikisa kiti kikaanza kumzunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mama anayefagia alikaa chini kabisa akicheka. Mwalimu alikuwa anaandika, na mabega yake yanatetemeka.

"Hii haiko kwenye kitabu," akasema.

"Iandike," mzee akasema. "Hicho kitabu kiliandikwa na mtu hana jirani."

Tulirudia mpaka nikaanza kuipata. Unapunguza mwendo hatua tatu kabla. Unaelekeza magoti yako kwenye magoti yake. Shangazi hapa hana msaada, kwa sababu hakuna utepe unaokwenda kwa mtu. Unakisia mkono wake, unakisia wako, unaacha nafasi ya sufuria moja katikati. Gumba. Achia. Nyoosha.

Siku ya mtihani zilikuwa zimebaki siku nne mashine iondoke. Mama alikaa kwenye ukuta wa nyuma, mkoba mapajani, akiushika kama usukani. Nilipewa dakika sita kuzunguka njia yote, Shangazi amezimwa kabisa, na kwenye kona ya tatu nisimame, nisalimie, niendelee.

Kona ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ndoto zilikuja kunichukua, nikaziambia zingoje nje. Ya tatu. Nikapunguza. Gumba. Nikaachia, nikanyoosha mkono, ule wa kushoto ukapanda wenyewe mpaka kwenye kiwiko bila kuombwa. Nafasi ya sufuria moja, kamili.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Nzuri, mtoto yangu." Akanishika. "Umeamkaje?"

"Vizuri."

"Na mama?"

"Yuko pale, mzee, unamwona."

"Namwona, lakini nauliza. Na nyanya? Magoti je?"

Saa ilikuwa inaenda. Mwalimu alikuwa anaitazama, halafu anamtazama mzee. "Mzee, mwachie!"

"Bado sijauliza habari ya mvua."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa ameingia katika raha ya kusalimiana, amesahau kuna mtihani. Na mimi sikuweza kuuvuta mkono. Mdogo havuti mkono kwanza, hata kama nyumba inaungua. Jasho likanitoka. Nikakumbuka jinsi mama anavyojitoa kwa mashemeji zake walio na maneno mengi.

"Mzee," nikasema, "basi nipe salamu nimpelekee dani."

Uso wake ukang'aa. Aliyeomba salamu ni msafiri, na msafiri hacheleweshwi.

"Mwambie namsalimia sana! Mwambie mimi soja wa hapa. Enda, enda!" Akanisukuma mkono kama anayesukuma mtumbwi majini.

Gumba. Kijiti. Kona ya nne, ya tano, ule mstari mrefu wa mwisho ambao nilikuwa nauogopa bure. Niliposimama, mwalimu aliitazama saa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaitoa kalamu sikioni.

"Sekunde tisa zimebaki," akasema, na mama akaangusha mkoba.

*

Kiti changu kilikuja wiki iliyofuata, ndani ya pikapu, kimefungwa kwa plastiki kama godoro la harusi. Kilikuwa cha kawaida. Hakina kamera, hakina kompyuta, na kijiti chake hakimfinyi mtu. Fundi aliniwekea kile kitufe cha kijani. Usiku kilichajiwa karibu na kitanda changu, na kila nikigeuka niliona taa yake ndogo ikiniangalia.

Asubuhi nilimwambia mama asije. Alisema sawa, ana vyombo vya kuosha. Akatoka nje na sufuria moja safi, akaanza kuiosha akiwa amesimama, uso umeelekea kijiani.

Nilipita mlango wa kwanza, wa pili. Mama wa mandazi alikuwa amenipa mgongo, hakugeuka. Watoto walikuwa wanachora kwenye vumbi, hawakuinua vichwa mpaka nilipokuwa mbele yao, na mmoja akasema, "Ee! Umetokea wapi?" Kwenye ubao unaovuka mtaro nilipumua, nikaenda polepole, nikavuka. Mlango wa tano. Wa sita. Nikashangaa kwa nini dani hajatoka, nikaanza kuogopa kwamba ameanguka huko ndani.

Ndipo nikaelewa. Kiti hiki hakilii. Hakukuwa na kwii, wala kwaa. Alikuwa ndani amekaa, naisikia redio yake, namsikia anakoroga chai, na hajui kabisa kwamba naja.

Nikapanda kwenye ile saruji. Nikaelekeza magoti kwenye mlango, nikaacha nafasi. Gumba.

Nilitafakari cha kufanya. Miaka ishirini na miwili, na mlango wowote nilioufikia ulikuwa umeshafunguliwa. Sikuwahi hata mara moja kubisha. Nikakunja vidole vya mkono wa kulia, nikapiga bati la mlango mara tatu.